Siku ya Kuzima Boila

Wasomaji wanne wameniandikia wiki hii, na wote wanne wameshamzika Spana. Mmoja anasema mtu aliyefungwa waya mikono kwa nyuma na kutupwa juu ya mkanda wa makaa hatoki hapo ila akiwa unga.

Anueni matanga, jamani. Mwanamke bado anapumua.

Ila anapumua vumbi, na mkanda unatembea.

Kwa aliyechelewa: Spana ni msimamizi wa zamu katika kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe. Saa sita mchana wa leo boila la mwisho linazimwa. Kuanzia hapo mji utawashwa na paneli za jua zilizotandazwa kwenye uwanda wa nyuma, na umeme wa usiku utatoka kwenye makontena kumi na mawili ya betri yaliyopangwa uani. Asubuhi hii Spana alikuta madumu manne ya petroli yamefichwa chini ya ngazi. Kabla hajapiga ukelele, Mnyapara wa wapakuzi, mtu anayelishwa na mzabuni wa makaa, alimtandika koleo la kisogo.

Alipozinduka alikuwa amelala chali juu ya makaa, anasafirishwa.

Hatua thelathini mbele, kinu cha kusagia kilikuwa kinanguruma. Meno yake ni mapande ya chuma. Bonge la makaa la ukubwa wa kichwa cha mtu likiingia, linatoka kama kahawa.

Kando ya mkanda kuna kamba nyekundu ya dharura. Ukiivuta, kila kitu kinasimama. Spana alijiviringisha, akainyakua kwa meno, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kamba ikamjia yote mdomoni. Ilikuwa imekatwa.

Hatua ishirini.

Hapo akamkumbuka Mbwa. Mbwa ni kifaa cha kunusa chuma kilichofungwa juu ya mkanda, karibu kabisa na kinu. Msumari au nati ikipita chini yake anabweka kengele na mkanda unajizima, kinu kisivunjike meno. Vibarua walimchukia kwa sababu aliwakatiza kazi kila saa. Mara tatu walimwomba Spana amzime. Mara tatu alikataa.

Mnyapara alikuwa amemsachi mifukoni na kuchukua spana zote. Buti hakumvua. Na buti za kazi zina chuma kwenye vidole.

Tatizo ni kwamba alikuwa anatangulia kichwa. Mbwa angenusa chuma wakati kichwa kimeshafika kwenye meno.

Alijipinda. Makaa yalimchana mgongo kupitia ovaroli. Alisukuma kwa kiwiko, kwa nyonga, kwa kidevu, hadi miguu ikageukia mbele. Hatua nane. Hatua sita. Akainua buti zote mbili juu.

Mbwa akabweka.

Mkanda ulizimika, lakini mkanda mzito hausimami papo hapo. Uliteleza. Bonge la makaa lililomtangulia lilidondoka kinywani mwa kinu, likapasuka, vipande vikamrukia usoni. Soli ya buti la kulia iligusa jino la chuma, ikanyofoka kisigino.

Kisha kimya.

Spana alicheka. Ndiyo, alicheka, huku machozi yakimchora mistari kwenye masizi ya mashavu. Akakiacha kicheko aliposikia nyayo zinakuja mbio juu ya sakafu ya vyuma.

"Nani tena kaweka chuma kwenye mkanda?" sauti ikafoka. "Kila siku Mbwa, Mbwa, hata siku ya mwisho—"

Sauti ikakatika.

"Shemeji?"

Alikuwa Kiberiti, mdogo wake mumewe, dereva wa lori la makaa kwa miaka kumi na mmoja. Aliitwa hivyo kwa jinsi anavyowaka upesi. Siku ile tangazo la kufunga kituo liliposomwa, yeye ndiye aliyerusha kiti. "Mtatulisha jua?" aliuliza, na madereva mia moja wakampigia makofi.

"Nifungue," Spana alisema.

"Nani kakufanya hivi?"

"Nifungue kwanza, maswali baadaye!"

Kiberiti alichomoa plaisi mfukoni, akapiga magoti. "Mnyapara kaniambia washa mkanda, mabaki yaishe. Basi. Haki ya nani, shemeji, sikujua kuna mtu."

"Na petroli ulijua?"

Kiberiti akakwepesha macho.

"Petroli ulijua!"

"Ni ya kontena moja tu," alinong'ona. "Liungue, watu waone betri ni hatari, boila liendelee. Nina watoto watatu, shemeji. Lori la makaa ndilo linalowavalisha. Kwani kuna mtu anaumia? Mafundi wote wako uwanjani, wanapanga viti vya sherehe."

"Kontena gani?"

"Namba nne."

Spana aliinua kichwa ghafla.

"Kaka yako yumo namba nne," alisema. "Kuna betri zilianza kupata joto asubuhi. Ameniaga saa tatu, akasema anakwenda kuzilinda mpaka saa ya kuzima boila."

Plaisi ilikata waya. Wakati huohuo nondo ilishuka.

Ilimpiga Kiberiti kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko, na mfupa ulitoa sauti ambayo Spana ataisikia hadi kaburini. Mnyapara alikuwa amesimama nyuma yao, mpana kama kabati, nondo mikononi.

"Dereva, nimekwambia uwashe," alisema bila haraka. "Sikukwambia ufungue parseli."

Aliinua nondo tena. Spana, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, alitumia kilichobaki hai. Alimpiga teke la goti kwa buti la chuma. Goti lilikwenda upande ambao goti haliendi. Mnyapara akaanguka juu yake kama gunia, na papo hapo akamkaba koo.

Alikuwa na vidole vya mtu aliyebeba makaa maisha yake yote. Spana aliona nyota. Mkono wake ulipapasa mkandani, ukakusanya ngumi ya vumbi, ukampakaza Mnyapara ndani ya macho yote mawili na kusugua.

Mnyapara alinguruma. Kiberiti, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake, alimshushia plaisi ya mkono wa kushoto mdomoni. Mara moja. Mara ya pili. Meno mawili yaliruka juu ya makaa.

Mnyapara alijiburuta hadi kwenye ukingo wa daraja lililobeba mkanda, akashika reli, akawacheka kwa mdomo uliojaa damu.

"Mmechelewa. Vijana wangu wako pale kontenani sasa hivi, wameshamwaga. Wanasubiri king'ora cha chai tu. Kikilia, wanawasha."

"Nani anakipiga?" Spana aliuliza.

"Si mtu wangu." Mnyapara akatema damu. "Ni mtu wenu."

Kisha akajirusha juu ya Spana. Goti lililovunjika halikumbeba. Alimkosa, akaivuka reli ya upande wa pili, na mita tisa chini rundo la makaa likampokea. Hakuinuka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini na mbili. King'ora cha chai hulia saa nne na nusu.

"Redio yako?" Spana aliuliza.

"Iko kwenye lori."

"Yangu ameivunja. Sikiliza. Wewe nenda kontenani. Mimi napanda chumba cha kuongozea mitambo, nakizuia king'ora."

"Shemeji, mkono wangu—"

"Unao mwingine! Kimbia!"

*

Kutoka daraja la mkanda hadi chumba cha kuongozea mitambo kuna ngazi tisini na nne. Spana alizipanda na buti moja lisilo na kisigino, akiacha alama ya damu kila alipogusa ukuta. Kichwani maneno mawili yalimzunguka. Mtu wenu. Mtu wenu.

Aliusukuma mlango kwa bega.

Ndani alikuwamo mtu mmoja tu, na Spana nusura alie kwa furaha. Alikuwa baba mkwe wake. Mkuu wa boila. Kituo kizima kilimwita Mzee Mvuke, na yeye ndiye aliyemfundisha Spana kusoma geji wakati mafundi wengine wakimwambia arudi jikoni. Kwa siku hii ya mwisho alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni.

"Mwanangu!" Mzee aliinuka. "Nani amekupiga hivi? Kaa, kaa chini, nikuletee maji."

"Baba," Spana alihema. "Usipige king'ora."

Mzee Mvuke hakuuliza kwa nini.

Alisimama tu, na mkono wake wa kulia ukarudi polepole kwenye mpini wa king'ora. Hapo ndipo Spana alipojua.

"Wewe?" alisema. "Baba, ni wewe?"

"Hawakuniambia wangekugusa," Mzee alisema. "Nilisema asiumizwe mtu. Walinihakikishia."

"Nani alikuhakikishia? Huyo aliyenitupa kwenye mkanda?"

Kope za Mzee zilicheza. Lakini mkono haukutoka kwenye mpini.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Nimelala na boila hili kuliko nilivyolala na mke wangu. Kila taa iliyowahi kuwaka mji huu imetoka kwenye mikono hii. Leo wanakuja na makabati ya bati, wananiambia nikae kando, eti moshi wangu umeharibu mvua. Moshi wangu! Nimewasomesha watoto kwa moshi huo!"

"Na unakohoa damu kwenye leso kila asubuhi, unadhani hatuoni. Watoto wa mtaa wa chini wanalala na vikohozi, Baba. Wewe mwenyewe ulinifundisha: geji ikiingia nyekundu, unazima. Hubembelezi. Imeingia nyekundu."

"Nyamaza."

"Mwanao yumo namba nne."

"Muongo."

"Yumo! Mume wangu yumo ndani!"

"Muongo wewe! Yuko uwanjani na wenzake!"

Spana alimrukia mkono. Mzee alikuwa mgonjwa, lakini mtu aliyefungua vali kwa miaka thelathini na moja haishiwi nguvu za mabega. Alimpiga kofi la usoni, kofi lake la kwanza kwa mkwe huyu tangu aolewe, kisha akamsukuma. Kichwa cha Spana kiligonga pembe ya meza. Akiwa sakafuni aliuona mpini ukishuka.

King'ora kililia.

Kililia kirefu juu ya mabati yote, juu ya uwanja wa sherehe, juu ya nyumba za wafanyakazi.

Spana hakuwa na muda wa kulaani. Alitambaa hadi kwenye simu ya mezani, akabonyeza namba nne, akaweka sauti juu ili Mzee asikie. Iliita mara moja. Mara mbili.

"Namba nne hapa," sauti ikajibu.

Mzee Mvuke alishika meza.

"Ni nani? Baba, ni wewe? Mbona leo chai mapema? Saa yangu bado dakika tatu."

"Toka," Mzee alisema. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, akapiga kelele hadi mshipa ukamtoka shingoni. "Toka humo! Toka, mwanangu, toka sasa hivi!"

"Mlango umekwama, Baba. Naona kuna mtu kaubana kwa nje. Na kuna harufu ya pet—"

Mlipuko waliusikia mara mbili. Mara ya kwanza kwenye simu. Mara ya pili kwenye vioo vya dirisha, vilivyotikisika kisha vikamwagika vyote sakafuni.

Mzee aliyekuwa akipumzika mara tatu kupanda ngazi zile alizishuka kabla ya mkwewe.

*

Namba nne lilikuwa limevaa moto kuanzia magurudumu ya tela lake hadi nusu ya ukuta. Watu walikuwa wanakuja mbio kutoka uwanjani, wengine bado wamebeba viti. Mlangoni palikuwa pamepenyezwa nondo kwenye vipini viwili, na mbele ya mlango walisimama vijana wawili wa Mnyapara, wamefunga vitambaa usoni, mapanga mikononi. Walishaambiwa asikaribie mtu hadi kontena liishe.

Kwa ndani kulikuwa na mtu anagonga. Kishindo kile cha ngumi juu ya bati kilisikika waziwazi, na vijana wale wawili walikuwa wanatazamana. Hakuna aliyewaambia kutakuwa na anayegonga.

Lori la makaa liliingia uani kinyumenyume, honi imelaliwa. Kiberiti alikuwa analiendesha kwa mkono mmoja, mwingine kauingiza ndani ya shati. Kijana wa kwanza alidandia kidato, akaufungua mlango nusu na kumshushia panga. Lilimpasua sikio. Kiberiti aliufunga mlango kwa nguvu juu ya mkono ule, akaufungua, akaufunga tena, hadi panga likaanguka na mwenye mkono akalifuata.

Wa pili alimwona Spana. Alimjia na panga limeinuliwa. Spana aling'oa mtungi wa kuzimia moto kwenye nguzo, akamfyatulia unga mweupe usoni, na alipojishika macho akamgonga kwa kitako cha mtungi kwenye taya. Alianguka bila kutoa sauti.

"Mnyororo!" Spana alipiga kelele.

Mzee Mvuke alikuwa ameshaushika ule wa nyuma ya lori. Aliupitisha kwenye nondo iliyokuwa inameta kwa joto, kwa mikono mitupu, na ngozi ya viganja ikabaki pale. Hakupiga hata ukelele mmoja.

"Vuta!"

Lori lilinguruma. Mnyororo ulikazika, ukalia. Mlango uling'oka na bawaba zake, ukaburuzwa uani ukitoa cheche.

Moshi ulimwagika. Katika moshi akatoka mtu anatambaa, nyusi zimeungua, kikohozi kinamrarua kifua. Spana alimbeba kwa makwapa hadi mbali na moto. Alimshika uso kwa mikono miwili. Alikuwa mumewe, na alikuwa mzima.

"Umepona," alimwambia, analia. "Umepona, mume wangu, umepona."

"Mama," mumewe alisema.

Kila mtu aliyeunguzwa humwita mama yake. Spana alimkumbatia. "Mama tutamwita. Yuko nyumbani, atakuja. Pumua kwanza."

Mumewe alitikisa kichwa. Alijaribu kusema, akakohoa, akajaribu tena.

"Mama yumo ndani."

Mzee Mvuke aliinama juu yao, viganja vinavuja damu. "Mama yako yuko kliniki," alisema polepole, kama anayeongea na mtu aliyepigwa jua. "Kliniki ya magoti. Kila Jumanne na Alhamisi. Leo Alhamisi."

"Hajawahi kwenda kliniki, Baba." Kijana alimtazama baba yake. "Ni darasa. Miezi minne anasoma darasa la betri. Alikuwa wa kwanza kwenye mtihani. Leo ndiyo zamu yake ya kwanza. Alitaka akwambie mwenyewe saa sita, mbele ya watu."

Mwanamke yule alikuwa amefagia majivu ya boila la mumewe miaka kumi na tisa, kabla mgongo haujakataa. Alipotajiwa mafunzo mapya mumewe alimcheka mbele ya wageni, akasema mfagiaji wa majivu ataisoma wapi betri. Hakumjibu. Alikwenda kujiandikisha.

Mzee Mvuke alitoa mlio ambao sitaweza kuuandika. Kisha akaingia katika moshi.

"Baba!" Kiberiti alimfuata, akaanguka kwenye kizingiti, mkono uliovunjika umemsaliti. Watu wakamvuta miguu.

"Yuko chumba cha nyuma," mumewe Spana alihema. "Kwenye betri zenyewe. Moshi ukigunduliwa, mlango wa kati unajifunga, halafu inafunguka gesi. Gesi inaua moto kwa kuondoa hewa."

"Na mtu?"

"Na mtu."

Spana alikuwa ameshasimama. "Kitufe cha kuizuia kiko wapi?"

"Ubavuni. Cha njano. Lakini lazima ukishikilie. Ukiachia tu—"

Hakusubiri amalize. Bati lilikuwa linachemka. Alikiona kitufe, akakipiga kiganja na kukikandamiza. Sauti ya mashine iliyokuwa inahesabu sekunde za kufungua gesi ilinyamaza kwenye sita.

Kupitia kidirisha cha ubavuni aliona ndani. Betri tatu zilikuwa zinatoa moshi wa kijivu na ndimi za buluu. Katikati yao alisimama mama mkwe wake, ovaroli mpya, kofia mpya, kitambaa cha maji kimefungwa puani. Upande wa pili wa mlango wa kati Mzee Mvuke alikuwa anaupiga kwa viganja visivyo na ngozi.

"Mama watoto, fungua! Umefunguka, vuta tu! Vuta!"

Kwa kuwa kitufe kilishikiliwa, mlango ule ungeweza kufunguka. Lakini mama hakuuvuta. Alikuwa ameushikilia kwa ndani, mguu ameukaza ukutani.

Kisha akabonyeza kispika kidogo, na sauti yake ikatoka ubavuni, karibu kabisa na sikio la Spana. Ilikuwa sauti ya mtu anayejibu mtihani.

"Nani ameshika kitufe?"

"Ni mimi, Mama."

"Achia, mwanangu."

"Siwezi!"

"Huyu mzee akifungua mlango huu, hewa inaingia. Hewa ikiingia, zote zinashika. Kontena hili likienda linachukua namba tano, na tano inachukua sita, na ninyi wote mko hapo uani. Nimefundishwa. Achia."

Spana aligeuza kichwa. Watu walikuwa mia mbili au zaidi, wameganda na viti vyao, wengine na watoto mgongoni, hakuna aliyekuwa na habari kwamba anapaswa kukimbia.

"Kimbieni!" alipiga kelele. "Ondokeni uani! Wote!"

Walianza kurudi nyuma, wanasukumana, wanakanyagana kwenye lango jembamba. Ingewachukua dakika tatu. Ndani, betri ya nne ilianza kutoa moshi.

"Achia, mwanangu," mama alirudia. "Hizi zikiungua leo, hakuna atakayezileta tena. Watawasha makaa kesho asubuhi."

"Sitaachia!" Spana aliweka uzito wa mwili wake wote juu ya kiganja. Bati lilimuunguza shavu. "Mama, mfungulie! Utoke! Sitaachia, hata mnikate mkono!"

Ndipo alipohisi vidole vinamshika kifundo cha mkono, vidole vyenye nguvu, na vikaanza kumng'oa kiganja pale kwenye kitufe, kidole baada ya kidole. Aligeuka ili amng'ate huyo mtu.

Alikuwa mumewe, macho yamefumbwa, analia kama mtoto, anamtii mama yake.